Zabuni ni Amana: Mafunzo ya Embu na Meru

Soko, barabara na zahanati hujengwa kwa kodi ya mama muuza samaki wa Mombasa sawa na ya mkulima wa mahindi wa Embu. Anayegawa kandarasi za kazi hizo ameshika amana ya watu. Ikiwa yeye, mwenzi wake au nduguye ana faida katika kampuni inayoomba kazi, mizani imekwisha kuelemea kabla bei hazijasomwa. Huo ndio mgongano wa maslahi.

Tutazame Embu. Serikali za kaunti hazijatimiza mwaka, Februari 2014, Seneti ilimwondoa Gavana Martin Wambora, wa kwanza nchini kufikwa na hayo. Miongoni mwa mashtaka yalikuwa ununuzi wa mbegu za mahindi na ukarabati wa uwanja wa michezo wa Embu, uliodaiwa kukiuka sheria. Wambora aliyakana. Mahakama ikamrejesha Aprili, Seneti ikamwondoa tena Mei, na Desemba 2015 Mahakama ya Rufani ikampa ushindi. Katika mvutano huo mahakama ilisisitiza kuwa haitoshi kuonyesha sheria imevunjwa. Sharti kosa liunganishwe na gavana mwenyewe. Hapa pana funzo: maslahi yasiyotangazwa mapema ni shida kuyathibitisha baadaye.

Huko Meru swali liligusa nyumba. Mwishoni mwa 2022 wawakilishi wa wadi walimshtaki Gavana Kawira Mwangaza, pamoja na mengine, kwa upendeleo wa jamaa, wakitaja nafasi aliyopewa mumewe katika shughuli za kaunti. Kamati ya Seneti iliona mashtaka hayakuthibitishwa. Hata hivyo, mabishano yaliendelea, na Agosti 2024 Seneti ikapitisha aondolewe kwa mashtaka mengine. Kaunti ikigombana, anayengoja maji na dawa ndiye mwenye kuumia.

Sheria haikunyamaza. Ibara ya 227 ya Katiba yataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wazi na wa ushindani. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 yamkataza mtumishi mwenye maslahi, yake au ya jamaa yake, kushiriki katika zabuni hiyo. Julai 2025 Rais akatia saini Sheria ya Mgongano wa Maslahi.

Nasi Waislamu tunalo funzo la kale zaidi. Mkusanyaji wa zaka alirudi akisema hili ni lenu, na hili nimezawadiwa. Mtume (S.A.W.) akahoji kwa nini hakukaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi zingemfuata. Zawadi ilifuata cheo, haikumfuata mtu.

Kina mama, jambo hili lawahusu kwa karibu. Sheria imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fursa hiyo ni njema, lakini mwenye cheo aweza kuitumia kwa kusajili kampuni kwa jina la mke, dada au shangazi asiyejua hata ofisi ilipo. Siku ya hesabu, jina lililo kwenye karatasi ndilo huitwa kwanza.

Basi uletewapo karatasi utie sahihi, uliza: kampuni ni ya nani, yafanya kazi gani, na nani ataamua zabuni? Majibu yakikosekana, kalamu iwekwe chini. Kumkatalia ndugu kwa upole ni kumhifadhi yeye, watoto wake na haki ya jirani.