Chanjo ya saratani ndani ya tone la mafuta: Kikwazo cha Mutarule si baridi

Desemba 2023, kampuni ya Ujerumani BioNTech ilizindua mjini Kigali kiwanda cha chanjo za mRNA kilichoundwa kwa makontena. Kwa wakazi wa Mutarule, katika tambarare ya Ruzizi kaskazini mwa Uvira, teknolojia hiyo sasa iko nchi jirani.

Wengi waliisikia BioNTech wakati wa Uviko-19. Hata hivyo, madaktari Uğur Şahin na mkewe Özlem Türeci walishiriki kuianzisha mwaka 2008 wakilenga saratani.

Seli za saratani huzaliwa na mwili wenyewe, hivyo kinga mara nyingi huzipita kama mlinzi anayempita mtu wa nyumbani. mRNA hubeba maelekezo ya kuifundisha kinga alama za uvimbe. Ikiingia damuni peke yake, huharibika upesi. Ndiyo maana hufungwa katika chembe nano za mafuta, ndogo mara mamia kuliko upana wa unywele, ziifikishe salama kwenye seli za kinga.

Mwaka 2023, watafiti wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya wagonjwa 16 wa saratani ya kongosho waliopewa chanjo hiyo pamoja na dawa nyingine. Kinga ya 8 iliitikia, na hao walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kurudi. Watu 16 ni wachache, lakini kongosho ni miongoni mwa saratani zinazoua haraka.

Chanjo za mRNA hutaka baridi kali. Hilo Kivu Kusini inalijua: Ebola ilipofika Mwenga Agosti 2019, chanjo yake, inayohifadhiwa chini ya nyuzi 60 chini ya sifuri, ilifikishwa.

Kazi ngumu ni nyingine. Chanjo hii hutengenezwa kwa kila mgonjwa peke yake: daktari akate uvimbe, maabara isome jeni zake. Mgonjwa wa Mutarule kwanza anahitaji mtu wa kumwambia ana saratani, na barabara ya Bukavu hupita Kamanyola. M23 waliingia Bukavu Februari 2025.

Ipo chanjo nyingine, ya virusi vya HPV vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi. Chembe zake nazo ni za nanomita 55 hivi, hazihitaji upasuaji, na hukaa kwenye friji ya kawaida. Rwanda inawachanja wasichana wake tangu 2011.