Mtoto wa Jicho Hakurudi

"Daktari, mtoto wa jicho amerudi. Niandikie matone." Kutoka Mambrui hadi Gede swali ni hilo hilo, na jibu halibadiliki: hakurudi, wala hawezi. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyopata ukungu, na lenzi hiyo ilitolewa siku ya upasuaji. Tuliacha kifuko chake makusudi, kishikilie lenzi bandia. Miezi au miaka baadaye, chembe zilizosalia humea kwenye ukuta wa nyuma wa kifuko, zikafanya utando.

Sasa hayo matone. Asali, maziwa ya mama, maji ya majani, hata mkojo, na vichupa vya mtaani vinavyosifiwa kuyeyusha utando! Utando uko nyuma ya lenzi bandia, ndani ya jicho. Tone hubaki juu, na baada ya dakika chache sehemu kubwa imeshateremkia puani na kooni. Vijidudu vilivyomo kwenye matone hayo ndivyo vinavyopata makao: hushambulia konea, kile kioo cha mbele, kikatoka kidonda, kikaacha kovu jeupe. Hapo ndipo ninapokasirika. Tiba ya kweli ni mwanga wa leza, na njia yake ni konea hiyo hiyo. Ukishaitia kovu, leza nitaipitisha wapi?

Wala leza hii, YAG, haichomi jicho. Danièle Aron-Rosa wa Paris na Franz Fankhauser wa Bern waliianzisha kwenye tiba ya macho karibu na 1980. Milijuli 1 ya mwanga usioonekana ikitolewa kwa nanosekunde 5, nguvu yake ni kilowati 200, zote kwenye nukta moja. Elektroni zinang'oka kwenye atomi, nukta inatanuka ghafla, na wimbi la mgandamizo linachana utando, jinsi radi inavyozaa ngurumo. Milijuli hiyo ikitandazwa sekunde nzima, utando hautikisiki.

Kwa hiyo: usitie kitu. Nenda kliniki ya macho ya hospitali ya serikali, Malindi au Kilifi. Wasipokuwa na mashine, omba barua ya kwenda penye mashine. Upimwe kwanza, maana kisukari na presha ya jicho pia hufifisha macho. Leza ni dakika chache, bila kisu wala kulazwa. Siku hiyo usiendeshe bodaboda. Baadaye ukiona vimulimuli, vidoa vingi vinavyoelea au kivuli kama pazia, rudi siku iyo hiyo.