Bata, Utabiri na Mizani (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi mwanaikolojia C. S. Holling na wenzake, katika kitabu chao cha 1978, walivyotaka kila uamuzi juu ya msitu, mto au bahari uchukuliwe kama jaribio. Leo tulitazame jaribio moja la aina hiyo.

Twende Amerika Kaskazini, kwa bata mwitu aitwaye mallard, yule ambaye dume lake lina kichwa cha kijani kinachometameta. Tangu 1955, karibu kila Mei, marubani huruka chini chini juu ya nyanda za Kanada na Marekani wakihesabu bata na madimbwi yenye maji. Wenzao walio ardhini huhesabu upya sehemu ya njia hiyo, maana wa angani hawamwoni kila bata. Miaka 40 wakahesabu hivyo, na ubishi juu ya athari za uwindaji usiishe. Wapo walioshikilia kwamba kila bata apigwaye risasi ni pengo kamili. Wengine wakasema la, huyo angekufa tu msimu huohuo, na kufa kwake kumewapa nafasi waliobaki. Kisha kuhusu uzazi: bata wakijaa, kutotoa hupungua sana au kidogo tu?

Mwaka 1995 Wamarekani wakaupeleka ubishi huo kwenye mizani. Kwa kuoanisha maoni hayo walipata modeli nne, na kila moja ikapewa robo ya imani. Kila mwaka modeli zote hutabiri idadi ya Mei ijayo. Hesabu ikitoka, iliyokaribia huongezewa imani, iliyokosea hupunguziwa, na kanuni za uwindaji hupangwa kwa uzito huo mpya. Miaka ilivyosonga, dhana ya kwamba wingi hupunguza uzazi kidogo tu ndiyo iliyojizolea imani zaidi. Hesabu ni ileile, bata ni walewale. Kilichoongezeka ni utabiri ulioandikwa kabla ya hesabu.

Huku kwetu, wavuvi wa Kisiwa Panza, Pemba, na wa Songosongo, Kilwa, wamekuwa wakifunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa, kisha kuifungua na kupima mavuno. Ni kazi njema mno. Naziomba kamati zao ziongeze jambo moja: kabla ya kufungua, ziandike kilo zinazotarajiwa, na kwa nini. Mama aliyechokoa pweza tangu utotoni anayajua mashimo yake. Utabiri wake uandikwe kwenye daftari lilelile la mtaalamu, bamvua lifike, pweza wapimwe.