Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani aliyepanda chombo pamoja na wadai haki

Mtu wa Kisangani hahitaji kuelezwa Vita ya Siku Sita. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalirushiana makombora ndani ya mji usio wao. Wakaaji ndio waliobaki kuzika wafu na kuuguza waliokatika miguu na mikono. Dieudo Hamadi, aliyezaliwa mjini humo mwaka wa 1984, alikuwa bado kijana. Ilipita miaka 20 mbele ya filamu yake juu ya vita hiyo kutoka.

Alianza kwa kusomea mambo ya utabibu, kisha akaacha na kushika kamera. Mwaka wa 2010 alijulikana kupitia « Congo in Four Acts », mkusanyo wa filamu fupi aliotengeneza na wenzake, akiwemo marehemu Kiripi Katembo, mzaliwa wa Goma. Mojawapo ya filamu hizo inaonyesha akina mama waliojifungua lakini hawaruhusiwi kutoka hospitalini mpaka walipe. Nani kati yetu hajui kisa kama hicho?

Toka hapo hakuacha njia hiyo. « Atalaku » (2013) inamfuata mchungaji asiye na pesa anayewapigia kampeni wanasiasa katika uchaguzi wa 2011. « Examen d'État » (2014) inakaa na wanafunzi wa Kisangani wanaofukuzwa darasani kwa kukosa pesa za walimu, nao wanakwenda kujifungia kwenye « maquis » kujitayarishia Exetat. « Kinshasa Makambo » (2018) iko barabarani na vijana watatu wanaopinga Rais Kabila kubaki madarakani. Mara nyingi Hamadi anapiga picha mwenyewe, bila sauti ya msimulizi ya kumfundisha mtazamaji la kufikiri.

« Maman Colonelle » (2017) ndiyo iliyofungua mlango wa filamu kubwa. Inamfuata Kanali Honorine Munyole, polisi wa kulinda watoto na kupambana na ubakaji, anapohamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Alipofika huko, walimjia wanawake walioumizwa na vita ya mwaka wa 2000, wakiwa bado wanasubiri mtu wa kuwasikiliza.

Basi katika « En route pour le milliard » (2020), wahanga wenyewe wanaamua kwenda Kinshasa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikuwa imekwisha kuihukumu Uganda mwaka wa 2005, lakini mikononi mwao hakuna kitu. Wanapanda chombo na kuteremka Mto Kongo, zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano, wengine kwa magongo na miguu ya bandia, chini ya turubai linalovuja mvua, katikati ya mizigo na abiria. Wanagombana, wanaimba, wanacheka. Hapo ndipo Hamadi anapowashinda watengeneza filamu wengi wanaokuja kwetu: kilema hakumfanyi mtu kuwa wa kuhurumiwa tu. Mbele ya Bunge wanafukuzwa, na bado hawarudi nyumbani.

Filamu hiyo ilichaguliwa Cannes mwaka wa 2020, ikiwa ya kwanza ya Kongo katika orodha rasmi ya tamasha hilo. Bahati mbaya, Covid-19 ilikuwa imezuia tamasha lenyewe.

Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ilipanga malipo: dola milioni 325, kati yake milioni 225 kwa ajili ya watu waliouawa na walioumizwa katika vita nzima, si Kisangani peke yake. Uganda ilipaswa kulipa milioni 65 kila mwaka kuanzia 2022 hadi 2026. Miliari iliyotajwa katika jina la filamu iko mbali na hesabu hiyo. Rwanda, iliyorusha makombora upande wa pili, haikupatikana na deni lolote, maana Mahakama ilijitangaza mwaka wa 2006 kuwa haina uwezo wa kuihukumu. Kazi ya kugawa pesa za Uganda imepewa FRIVAO, yenye makao Kisangani, mji uleule ambamo wahanga walipandia chombo.