Gunia la Kujisugulia Ng'ombe

Wasikilizaji wetu wa Bukoba na Muleba, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya nzi na kupe wasumbuao ng'ombe. Jambo hili si la mwenye kundi kubwa tu. Kila mwenye kibanja ajua ya kuwa migomba yake yategemea samadi. Ng'ombe akifa, maziwa hukatika siku ile ile, na baadaye mikungu ya ndizi nayo hupungua. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno wa nchi hizi, na vibanja vingi vikakosa samadi.

Iko njia rahisi ya kumfanya ng'ombe ajipake dawa mwenyewe. Simikeni nguzo imara penye njia ya kwendea maji, au karibu na mahali wanapolamba chumvi. Izungushieni magunia makuukuu, mkayafunge sana kwa kamba, kisha myaloweshe kwa dawa ya nzi ifaayo kwa kazi hii, iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chombo chake. Ng'ombe hupenda kujikuna. Akijisugua pale, dawa humshika usoni, shingoni na ubavuni, na nzi watuao hapo hufa. Watu wengine hutundika mnyororo wenye magunia kati ya nguzo mbili. Lakini kwa ng'ombe wa pembe ndefu, nguzo moja ni salama zaidi, maana pembe zaweza kunaswa. Msitie mafuta machafu ya motokaa, kwa kuwa yana sumu.

Gunia hili lafaa kwa nzi. Lakini angalieni: gunia haliingii sikioni, wala halifiki chini ya mkia. Na humo ndimo wanamojificha kupe.

Kupe wa kahawia aletaye ndigana kali hupenda hasa masikio. Akiwa mchanga hunyonya damu ya ng'ombe mwenye vijidudu vya ugonjwa, huanguka majanini, hujivua ngozi, kisha hupanda ng'ombe mwingine. Akisha kumshika, kwa kawaida hunyonya siku tatu au nne kabla vijidudu havijaiva vema mateni mwake. Basi kupe akiuawa mapema, huenda ndama akaokoka. Kwa hiyo ng'ombe wapelekwe joshoni au wanyunyiziwe dawa kwa siku zilizopangwa, na masikio yapakwe kwa mkono.

Mbung'o naye ana desturi yake: hupenda kuuma miguu. Kwa sababu hiyo katika Uganda, tangu kampeni ya mwaka 2006 ya kupigana na malale, wafugaji wamefundishwa kunyunyiza dawa miguuni na tumboni mwa ng'ombe. Dawa kidogo, ikiwekwa mahali pake, hufanya kazi kubwa.

Dawa hizi ni sumu kwa watu pia. Vaeni mipira ya mikono, naweni kwa sabuni, wala msimwage mabaki mtoni au ziwani, maana samaki watakufa. Someni pia ni siku ngapi maziwa yasinywewe.

Mwisho, mkiona ndama ana homa, matezi yamevimba chini ya sikio na kupumua kwake ni kwa shida, msingoje kesho. Mwiteni ofisa wa mifugo siku ile ile.