Kiti cha Usukani Kikiwa Kitupu, Nani Atamwambia Mtu Avuke?

Barabara ya A1 inayopita Awendo, Uriri na mji wa Migori kuelekea mpaka wa Isebania huwakutanisha wasiolingana: malori ya safari ndefu, matatu, trekta za miwa, bodaboda, na watembea kwa miguu wasio na bati la kuwakinga. Anayetaka kuvuka husoma dalili. Dereva ameinua kiganja, au amemulika taa, ishara ambayo huku kwetu inaweza kumaanisha “pita”, inaweza kumaanisha “kaa hapo, nakuja”, na kwa dereva mwenzake humaanisha kuna polisi mbele. Sasa magari yasiyo na dereva yanabeba abiria wa kulipa San Francisco na Phoenix, Marekani, na wahandisi wanajiuliza ishara hizo zitatoka wapi.

Majibu yao yamekuwa ya kupendeza macho. Mwaka 2015 Mercedes-Benz ilionyesha gari la majaribio, F 015, lililochora kivuko barabarani kwa mwali wa leza. Mwaka uliofuata kampuni ya Semcon ya Uswidi ikabuni gari linalomtabasamia anayevuka, na mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo wakakifunga kigari cha gofu macho mawili makubwa yanayogeuka kumtazama mtu. Naona wote wamejibu swali ambalo barabara haikuuliza. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, kasi ya juu ambayo sheria ya Kenya inaruhusu katika vituo vya biashara, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Ukijumlisha muda wa dereva kushtuka na wa breki kushika, linahitaji kama mita 30 kusimama. Utafiti wa chuo cha MIT wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wakiwa mita 15 kutoka kwenye gari, zaidi ya asilimia 90 ya watu hawatambui dereva anatazama wapi; wakiwa mita 30, hawamwoni kabisa nyuma ya kioo. Kwa hiyo pale ambapo uamuzi wa kuvuka hufanywa, uso wa dereva haupo hata leo. Tunachosoma ni mwendo: mngurumo umepungua, pua ya gari imeinama, nafasi imebaki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds na wenzao, walipochunguza makutano ya barabara Athens, Leeds na Munich, walikuta ishara za mikono, taa na honi zikitumika kwa nadra sana. Breki inayokanyagwa mapema, mtu akaiona, ndiyo kauli ya gari.

Mtu atauliza: na kipofu, na mzee, na mtoto wa shule? Swali ni zito, kwani kipofu haoni pua ya gari ikiinama, na gari la umeme halingurumi. Ndiyo maana kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 138 inayataka magari hayo yatoe sauti yakienda polepole, na sauti hiyo inafaa kuongezwa juu ya breki. Maandishi kwenye gari ya kumwambia mtu avuke ndiyo yasiyofaa. Hapa Uriri yangeandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili au Dholuo? Tena gari linaloandika “vuka” linamsemea na jirani yake: lori linalolipita kwa kasi halijaahidi kitu. Gari linalopunguza mwendo hujisemea lenyewe tu, na huo ndio uaminifu wake. Adam Millard-Ball wa Chuo Kikuu cha California ametoa pingamizi jingine, kwamba watu wakijua gari litasimama kila mara, watalikatia njia wapendavyo. Huenda, na siku ya soko foleni itakuwa ndefu. Lakini kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watembea kwa miguu wapatao 274,000 walikufa barabarani mwaka 2021. Foleni ni gharama ndogo.

Wala tusidhani jambo hili liko mbali. Kenya huruhusu magari ya mitumba yasiyozidi miaka minane, mengi yakitoka Japani, na mengi ya sasa yana kamera na rada za kumtambua mtu na kufunga breki zenyewe. Taasisi ya usalama barabarani ya IIHS, ya Marekani, ilikuta mwaka 2022 kwamba mfumo huo hupunguza ajali za kugonga watembea kwa miguu kwa asilimia 27, lakini haukuonyesha faida yoyote gizani pasipo taa za barabarani. Basi kwa vituo vya A1, nguzo za taa zitasaidia kuliko tabasamu lolote la bampa. Na kamera hiyo hukaa nyuma ya kioo cha mbele: kioo kikibadilishwa baada ya kupasuliwa na kokoto, inapaswa kupimwa upya, vinginevyo inaweza kukosea mtu yuko wapi. Ukaguzi wa magari unaoangalia breki, matairi na taa unapaswa kuiangalia kamera nayo.