Ndoa ya mgeni ikivunjika Chepseon: kibali kipi kinabaki, na kwa gharama gani

Ndoa ya mgeni ikivunjika hapa Chepseon, watu huuliza kwanza kuhusu watoto, kisha kuhusu shamba. Kibali cha kukaa nchini hukumbukwa mwisho, mara nyingi baada ya hakimu wa Kericho kuandika amri yake. Kufikia hapo njia za bei nafuu zimekwisha kufungwa. Ndiyo maana nalinganisha vibali kwanza, na shamba nitalifikia baadaye.

Wengi hukaa kwa pasi ya mtegemezi. Kuipata si kazi kubwa: cheti cha ndoa, kitambulisho cha mwenza Mkenya, barua yake ya kukubali kumtunza mgeni, na maombi yanayofanywa mtandaoni. Lakini pasi hiyo imesimama juu ya mtu mwingine. Haimruhusu mwenye pasi kuajiriwa, na utegemezi ukiisha, msingi wake umeondoka hata kama tarehe iliyoandikwa haijafika. Anayebaki nchini bila kibali halali anaweza kutozwa faini ya hadi KSh 500,000, kufungwa hadi miaka 3, au yote mawili.

Wapo wasio na hata pasi hiyo. Koito, yaani sherehe ya posa, ilifanyika, mahari ikakubaliwa, wazee wakabariki, na hakuna aliyekwenda kwa msajili. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila, ila inawataka wanandoa wamjulishe msajili ndani ya miezi 3 baada ya taratibu kukamilika. Bila cheti, mgeni hana cha kuwaonyesha maafisa wa uhamiaji. Hata talaka yenyewe inakuwa ghali zaidi, kwa sababu wakili atalipwa kwanza kuthibitisha kwamba ndoa ilikuwepo, ndipo alipwe kuivunja. Kati ya gharama zote ninazozitaja hapa, hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana kuiepuka kungegharimu safari moja tu ya matatu.

Sasa kuhusu miaka. Chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, mwenza wa Mkenya anaweza kuomba ukaazi wa kudumu ndoa ikitimiza miaka 3. Ikitimiza miaka 7, Ibara ya 15 ya Katiba inampa haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia. Uraia ndio ulio imara kuliko vyote, kwa kuwa Ibara ya 13 inasema wazi kwamba haupotei kwa kuolewa, kuoa wala ndoa kuvunjika. Ukaazi wa kudumu hauna kinga ya namna hiyo ndani ya Katiba, kwa hiyo kabla ya kutia saini ombi la talaka mwambie wakili akusomee masharti ya kuupoteza, kifungu kwa kifungu.

Hapo kwenye miaka 7 pana mtego ambao familia zetu hazijaushtukia. Sheria inataka wanandoa wawe wanaishi pamoja wakati wa kuomba uraia. Huku kwetu ndoa nyingi haziendi kortini. Mke hurudi kwao au mume huhamia mjini, wazee wanaitwa kusuluhisha, mwaka unapita, wa pili unafuata. Mkenya hapotezi chochote cha kiserikali kwa kungoja hivyo. Mgeni anapoteza. Ndoa yake ingali hai kwenye daftari la msajili, huku sharti la kuishi pamoja likiwa limevunjika. Aliyefiwa na mwenza sheria hiyo imemtengenezea kifungu chake. Aliyeachana hana budi kuhesabu tarehe mwenyewe. Ikiwa ndoa imetimiza miaka 3 na nyumba bado ina amani, omba ukaazi wa kudumu sasa. Usiusubiri mwaka wa 7 kana kwamba umeahidiwa.

Mtanzania aupime uraia kwa mzani tofauti. Nchi yake hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo pasipoti ya Kenya itamgharimu ile ya kwao. Mganda hana shida hiyo.

Aliyechelewa kwa yote hayo anabaki na njia ya kupata kibali kwa jina lake mwenyewe, na hapa nchi unayotoka inabadilisha bei kabisa. Fikiria mke Msebei kutoka Kapchorwa, upande wa Uganda wa Mlima Elgon, ambaye lugha yake na ya mama mkwe wake ni ndugu. Anavuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ulioanza 2014, na akiingia kama mgeni wa Afrika Mashariki anaweza kupewa hadi miezi 6. Akipata mwajiri au biashara bado atahitaji kibali, lakini Kenya iliwaondolea raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ada ya kibali cha kazi. Gharama yake kubwa ni muda, nauli na kukusanya nyaraka.

Sasa mfikirie mume Mwingereza aliyestaafu. Kibali cha ajira, Daraja D, kwa miaka mingi kilitozwa KSh 200,000 kwa mwaka, na ada hizo zimefanyiwa mapitio tangu 2023, kwa hiyo atazame kiwango cha sasa kwenye eCitizen kabla ya kupanga bajeti. Daraja G la wawekezaji linataka mtaji wa dola 100,000. Linalomfaa mstaafu ni Daraja K: awe ametimiza miaka 35, awe na pato la uhakika la dola 24,000 kwa mwaka, na asifanye kazi ya mshahara. Kwa shilingi 129 kwa dola, hilo ni pato la takriban KSh milioni 3.1. Kwa mwenye pensheni nzuri, Daraja K ni bora kuliko kupigania ndoa iliyokufa ili tu abaki nchini.

Shamba nalo lina sheria zake. Ibara ya 65 ya Katiba inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inailazimu bodi kukataa kuidhinisha ardhi ya kilimo kwenda kwa asiye raia. Kwa hiyo mgeni asitumie pesa za wakili kudai ekari za chai ziandikwe kwa jina lake. Adai thamani. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shambani kuwa mchango, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba mgao hufuata mchango uliothibitishwa, si nusu kwa nusu ya moja kwa moja. Aliyechuma na kupalilia majani chai kwa miaka huku bonasi ikilipwa kwa nambari ya mkulima ya mwenzake ana mchango, ila awe na ushahidi: risiti za mbolea, malipo ya vibarua kwa simu, majirani walioona.

Wenye binti au kijana aliyeolewa au kuoa Marekani wajue kwamba kule hesabu ni nyingine. Ndoa ikiwa changa, kadi ya ukaazi hutolewa kwa masharti ya miaka 2, na aliyetalikiwa anaweza kuomba peke yake masharti hayo yaondolewe, mradi athibitishe kwamba ndoa ilikuwa ya kweli. Ada ya ombi hilo ilipanda hadi dola 750 Aprili 2024.

Haya yote ya kupanga tarehe ni ya nyumba isiyo na kipigo. Anayepigwa asihesabu miaka. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Unyanyasaji wa Kinyumbani ya 2015 inaipa mahakama uwezo wa kumzuia mpigaji, na simu 1195 hupokelewa bila malipo. Kwa wanawake, FIDA Kenya ina ofisi Kisumu, karibu na sisi kuliko Nairobi, na ushauri wao wa kisheria ni wa bure. Wakati wa kwenda, beba nakala za cheti cha ndoa, pasi na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Watoto ni Wakenya kwa kuzaliwa iwapo mzazi mmoja ni Mkenya, na talaka haigusi uraia wao, lakini uraia huo haumpi mzazi mgeni kibali moja kwa moja. Nakala za pili ziache kwa mtu nje ya nyumba hiyo.